Treillis ya Stany

Huguette uko? Soma hii.

Leo asubui ba agent ba mine, ile kampuni ya kuchimba shaba, bamefika hapa kwetu Musonoi. Unakumbuka balituambia nyumba zenye kupasuka juu ya dinamiti yabo njo zitavunjwa. Mi nilikuwa nimetulia. Avenue yote imepasuka, yetu hapana, juu bwana yangu Stany aliweka treillis, ile wavu ya chuma, ndani ya krepi ya inje, ile simenti ya kupaka kibambazi.

Agent moja anagonga kibambazi na mukono. «Mama, hakuna hata mupasuko moja. Mulifanya namna gani?»

Huguette, mi nikamuelezea!! Na furaha! Nikamuambia unapigilia ile wavu ya chuma na misumari, zaidi fasi matofali ya zamani inakutana na ya mupya. Kisha unapiga krepi mara mbili, unainyweshea maji ili isikauke mbio.

Anasikiliza muzuri. Ananiambia: «Félicitations, mama.» Ananipongeza!

Félicitations.

Kisha akatosha peinture nyekundu, akachora musalaba pale pale, alama ya nyumba ya kuvunjwa.

Nikamuuliza: «Tata, si mulisema zile za kupasuka?»

Ati: «Mama, carrière, lile shimo la mine, inakuya uku. Avenue yote itatoka.»

Stany amerudi kazini sasa hivi. Ameangalia ule musalaba.

«Alisema kweli félicitations?»

Nikamuambia ndiyo.

«Basi kule batatupeleka, nitaanza na treillis.»

Kisha akafunika uso na mikono. Huguette, miaka yote hii sijamuonaka akilia.