Adabu ya Faraja

Jumanne, 8 Julai. Makambako
Baridi kali. Watoto wanne leo kliniki ya matamshi na lugha. Wa mwisho Faraja wa Mahongole, miaka saba, darasa la kwanza. Kaletwa na bibi anayemlea. Barua ya shule, ambayo bibi hawezi kuisoma, inasema mtoto hashiki kitu, inataka apelekwe bweni la watoto wenye ulemavu wa akili. Mbali, safari ya siku nzima. Nikamwonyesha picha za kipimo: ngamia, feni, jokofu. Kimya. Kwao wanaongea Kibena tu na umeme haujafika. Sasa hapo umempima nini? Upuuzi mtupu.

Jumanne, 15 Julai. Makambako
Picha nimezifungia kabatini. Nikafinyanga wadudu watatu wa udongo, nikawabunia majina ambayo hayapo katika lugha yoyote, nione anavyojifunza. Bibi nikamwomba asubiri nje. Tumecheza kidogo tu, anawataja wote. Akawagombanisha, akawapatanisha, kwa Kibena na Kiswahili. Baada ya chai nikamwita tena. Hajasahau hata mmoja. Mtoto ana akili huyu!
Nimembembeleza mwenyekiti wa kamati ya wilaya inayopeleka watoto bweni amwone kwa macho yake kabla hawajaamua. Kakubali shingo upande. Bibi nikamwambia amlete Njombe, kuna wakubwa wanataka kumwona.

Jumanne, 22 Julai. Njombe
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.
Bibi kamfundisha Faraja wiki nzima namna ya kusimama mbele ya wakubwa. Piga goti, salimia kwa Kibena, kamwene, kisha macho chini, usifungue mdomo mpaka watu wazima wamalize mazungumzo yao. Mtoto kafanya vilevile. Wale watu sita wakawa wanaongea wao kwa wao, huyu anauliza, yule anadakia. Hawakumaliza. Nikamwekea wadudu wake mezani, hakuwagusa. Wakafunga faili.
Mwenyekiti akaniambia, "Dada, tumejionea wenyewe."
Wamejionea nini? Nikabishana, nikaambiwa nisilete jazba kazini. Nawachukia wote sita. Na mimi mjinga, sikumwambia bibi kwamba tulitaka aongee.
Nje bibi akanishika mkono. "Umemwona alivyotulia, mwanangu? Hakunitia aibu."
Nikasema nimemwona.

Jumatano, 23 Julai
Nimeandika barua ya kupinga uamuzi wa bweni. Mkuu wangu kairudisha hata hajaisoma. Eti nisijitafutie maneno na watu wa wilaya. Shenzi.

Ijumaa, 1 Agosti. Mahongole
Nimekwenda kuwaaga. Gari linamchukua Faraja kesho alfajiri. Aliyeleta taarifa alimwambia bibi "nafasi ya bweni imepatikana", akaenda zake.
Nikakuta viazi, maharage, majirani wamejaa. Bibi anawaeleza mjukuu wake kafaulu mbele ya wakubwa, serikali imemchagua. Nikamvuta hadi jikoni nimwambie ukweli. Kabla sijaanza akanishukuru kwa kumpigania mtoto. Alikuwa analia. Nikarudi naye kwa wageni, sijamwambia.
Nikala viazi. Faraja kakaa juu ya tranka lake, kavaa sweta jipya, watu wanampa mkono mmoja mmoja.
Bibi akaniuliza kama Desemba watamruhusu kuja likizo. Nikasema ndiyo. Sijui.