Katuku Hakufia Mkiani

Chawia,
8 Agosti 1997

Kwako dada Nasima,

Salamu zangu zikufikie hapo Kaloleni, wewe na wazazi wako, Mama Zaitun na Mzee Badawy, na nduguyo Samir. Huku tuko wazima, ila baridi ya mwezi huu imetuingia mpaka kwenye mifupa. Baba yuko vile vile. Mkono wa kulia bado haujarudi na maneno yanamtoka kwa shida, moja leo, moja kesho. Uji anakunywa, namshukuru Mungu.

Ulisikia jana? Najua ulisikia. Tangu nilipokaa kwenu miaka ile ya sekondari sijakuona ukikosa Safari ya Kilimia redioni hata Alhamisi moja.

Dada, wamemuua Katuku! Nahodha Mbithe amekata mkia wa chombo chao cha angani na fundi wake bado yumo ndani. Eti moto ungefika mbele, wote wangeangamia. Halafu muziki, halafu tangazo la sabuni, kama vile hakuna kilichotokea.

Unajua Baba anavyompenda Katuku. Tangu apate kiharusi, saa ile ya Alhamisi ndiyo pekee anayonipungia mkono nimwinue akae kitako. Katuku akiitukana injini, Baba hucheka mpaka nasahau kwamba ni mgonjwa. Jana mkia ulipokatika aligeukia ukutani. Leo asubuhi nimemletea uji, hakutaka hata kunitazama.

Nimelifikiria jambo hili nikikata majani ya ng'ombe. Mwaka wa kwanza wa kipindi, injini ziliposhika moto, Katuku alijificha wapi? Chumba cha maji! Kina hewa yake na mlango mzito. Kama chumba hicho kiko mkiani, basi Katuku yumo humo mzima, anaelea angani akingoja kuchukuliwa. Niambie kama nimekosea.

Mdogo wako,
Loise


Kaloleni, Voi,
20 Agosti 1997

Loise mdogo wangu,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mshike Baba mkono, tena ule wa kulia, umwambie ni wangu. Mama amempa dereva wa gari la Wundanyi tende na tangawizi, ukazichukue kwa yule mama wa duka pale stendi.

Umekosea. Nakwambia kwa mapenzi, lakini umekosea. Kile kitabu cha picha nilichonunua Mombasa kina ramani nzima ya Kilimia katika kurasa za katikati. Chumba cha maji kiko mbele, ubavuni mwa jiko. Na ndiyo akili yenyewe, nani atakwenda kuteka maji ya chai nyuma ya injini? Mkiani mna injini, stoo ya vyuma, na kitanda cha Katuku. Basi.

Usidhani sikuumia. Nililia dukani mbele ya mteja aliyekuja kununua leso, akadhani nimefiwa, akaniongezea pole juu ya bei. Samir mpaka leo ananicheka. Lakini chombo kikishachorwa kimechorwa. Katuku amekufa kishujaa. Mwache apumzike.

Dadako,
Nasima


Chawia,
1 Septemba 1997

Dada Nasima,

Natumai hamjambo nyote. Tende zimefika, Baba amezimaliza. Asanteni.

Sasa nisikilize. Hicho kitabu chako kilitoka lini? Mwaka wa pili! Sisi tulianza kukijua chombo kwa masikio, kabla mtu yeyote hajakichora. Na siku ile ya moto wa mwaka wa kwanza, Nahodha alifunga mlango wa ujia unaounganisha mbele na mkia. Nilimsikia kwa masikio yangu, ukiwa umekaa kando yangu, tena wewe ndiye uliyepiga kelele, "Amemfungia!" Mlango umefungwa, Katuku yuko nyuma, na dakika hiyo hiyo anaingia chumba cha maji. Alipitia wapi? Ukutani kama jini? Mchoraji hakusikiliza redio, ndivyo ninavyosema mimi. Aliyechora ndiye aliyekosea.

Nimewaandikia wenye kipindi kule Mombasa. Nimewaeleza yote na nimechora chombo kama kinavyosikika.

Tena usiniambie "mwache apumzike". Wewe una baba anayefungua duka kila asubuhi kwa mikono yake miwili. Ni rahisi kwako kuzika watu.

Mdogo wako,
Loise


Chawia,
14 Novemba 1997

Dada yangu Nasima,

Natumai barua hii inakukuta salama na mvua hii isiyokwisha. Hujanijibu tangu Septemba, na sikulaumu. Neno lile lilikuwa kali. Ningekuja kukuomba radhi mwenyewe, lakini barabara imekatika. Kilima kimeporomoka chini ya kanisa, kikachukua migomba ya jirani na kipande cha shamba letu. Hatujaumia. Barua hii anaileta Derrick, jirani yetu, anayeshuka kwa miguu kutafuta mafuta ya taa.

Wenye kipindi wamenijibu. Bwana Josephat, mtayarishaji, anasema wamepokea barua nyingi juu ya Katuku, lakini yangu ndiyo iliyowakosesha usingizi. Alhamisi ya tarehe 27 hawatacheza sehemu mpya. Wataita wasikilizaji wabishane hewani, mtunzi mwenyewe akiwepo, na mimi nimealikwa kutetea chumba cha maji.

Nilimwambia Baba. Alinishika mkono kwa ule wa kushoto, akasema, "Nenda." Neno zima, wazi kabisa.

Lakini nitakwendaje? Kushuka ningeweza kushuka kama Derrick, ila nikikwama huko nani atamgeuza Baba kitandani? Hawezi kubaki peke yake hata siku moja.

Nenda wewe, Dada. Michoro yangu iko ndani ya bahasha. Najua huamini. Sina mtu mwingine anayeijua Kilimia kama wewe.

Mdogo wako,
Loise


Kaloleni, Voi,
15 Novemba 1997

Loise,

Derrick amesimama mlangoni anakunywa chai, anataka kurudi kabla mto haujajaa tena, kwa hiyo salamu zitakuwa fupi. Mpe Baba pole, nawe pia.

Neno lako liliniuma. Mwezi mzima nilikuwa naanza barua na kuichana. Sasa limepita, tusilirudie.

Nimemwambia baba yangu. Alikuwa anakunja vitambaa, akaacha.

"Sauti ya binti yangu isikike pwani nzima," akasema, "akibishana juu ya mwanamume asiyekuwepo?"

Nikamwambia, "Baba, nakwenda kwa ajili ya babake Loise, Mzee Mwandawiro."

"Mzee Mwandawiro ana nini na vyombo vya angani?"

"Ni mgonjwa, na hicho ndicho anachokipenda."

Akakunja kitambaa kingine, akakikunjua, akakikunja tena. Mwishowe akasema Samir anisindikize, na nisivae ile buibui iliyopauka.

Kwa hiyo nakwenda. Mimi ni mpinzani wako, Loise, na nikirudi nitabaki mpinzani wako. Lakini kesi yako nitaisema kama ulivyoiandika, sitapunguza neno.

Dadako,
Nasima


Kaloleni, Voi,
2 Desemba 1997

Mdogo wangu Loise,

Hamjambo huko? Baba anaendeleaje? Sisi tumerudi salama ila Samir ana mafua na viatu vyangu ni vya kutupa.

Uliyoyasikia umeyasikia, nikueleze ambayo redio haikusema. Tuliondoka Voi alfajiri ya Jumatano, na kufika Miasenyi basi likasimama. Malori yalikuwa yamelala barabarani pande zote mbili, matope mpaka kwenye vioo. Tulikaa pale tukila mahindi ya kuchemsha mpaka jua likageuka. Dereva akasema anarudi Voi. Samir akaniangalia. Nikavua viatu, nikapandisha buibui, tukatembea kuyapita malori yote, na upande wa pili tukapata pikapu ya mtu wa vitunguu. Nimeingia Mombasa nanuka kama kachumbari.

Kituoni walikuwepo watu wa kila namna. Mwalimu mmoja wa Kilifi alikuja na kitabu cha picha, kile kile changu, na hoja zake zilikuwa hoja zangu. Nilitaka kumpigia makofi. Badala yake nikafungua bahasha yako.

Nilipomaliza habari ya mlango wa ujia, mwalimu akaanza kupekua kitabu chake upya. Ndipo Bwana Josephat akaniuliza lile swali ulilolisikia: "Dada, wewe mwenyewe unaamini?"

Nilijibu, "Siamini. Lakini nimetumwa na mtu anayeamini, na hakuna aliyemjibu."

Basi wote tukamgeukia mtunzi. Loise, ni mtu mfupi, mpole, anavaa sweta Mombasa! Akasema, "Sikumbuki niliandika nini mwaka wa kwanza." Nikamwambia, "Sisi tunakumbuka." Hapo alicheka kila mtu isipokuwa yeye. Na lile la mwisho pia ulilisikia. Katuku amekufa, amemuua yeye, hana sababu ya kumfufua.

Tulipotoka alinifuata mlangoni. Alidhani nitamlilia. Nikamuuliza kama mtu akiamua kumwokoa Katuku kwa njia zake mwenyewe, nyumbani kwake, atakasirika? Akafikiri, akasema, "Mradi msiniletee nisome."

Tumeshindwa, mdogo wangu. Nilitaka nikuletee ushindi na sikuweza. Lakini nilipokuwa nakusemea pale, nilisikia hasira ambayo si ya kuigiza. Hoja yako ni nzuri. Bado si ya kweli. Ukitaka Katuku aishi, mwokoe kwa chombo kilivyo kwenye ramani, chumba cha maji kikiwa mbele. Hapo ndipo nitakuvulia kofia.

Dadako,
Nasima


Chawia,
23 Januari 1998

Kwako dada Nasima,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mama Zaitun hajambo? Samir amepona mafua? Barabara haijafunguliwa kwa magari, ila sasa pikipiki zinapita, ndiyo maana barua yako imenifikia Jumatatu iliyopita tu.

Nikuambie siku ile ilivyokuwa huku. Nilikuwa nimemwegemeza Baba kwa mito. Uliposema "Siamini" nilikasirika, nikanyoosha mkono nizime redio. Baba akanizuia. Akasikiliza mpaka mwisho. Mtunzi aliposema amemuua Katuku, Baba alisema, "Hapana." Nilidhani ataugeukia ukuta kama mara ile. Hakugeuka. Alinitazama mimi, akasema tena, "Hapana." Kisha akaninyooshea kidole, jinsi alivyokuwa akinituma dukani nilipokuwa mdogo.

Basi nikaanza kuandika. Kila Alhamisi, saa ile ile, nazima redio na namsomea. Mwanzoni Katuku alikuwa kwenye chumba cha maji, mkiani, kama nilivyotaka mimi, na hakukuwa na la kusimulia. Alikaa tu humo akinywa maji. Ilipofika barua yako, nilichana yote. Nimekiweka chumba mbele, kwa jeuri yako. Sasa Katuku yuko mkiani pamoja na injini moja nzima, stoo ya vyuma na kitanda, hewa inapungua, na kwa mara ya kwanza ana kazi ya kufanya.

Jana nilisoma pale anapolivunja kabati la stoo atengeneze kifuniko cha pengo lililobaki mkia ulipokatwa. Baba akainua mkono. Dada, ni ule wa kulia. Haukufika mbali, uliinuka kidogo juu ya blanketi ukaanguka. Akasema, "Bati jembamba. Litapasuka."

Nikamwambia, "Baba, hilo ni bati la angani."

Akasema, "Bati ni bati."

Tumebishana mpaka uji ukapoa. Alikuwa anatafuta maneno, anayakosa, anakasirika, anayatafuta tena. Sijamsikia akisema mengi hivyo tangu augue. Hakushawishika hata kidogo, na mwishowe akataka kujua wewe utasemaje.

Kurasa zote ziko ndani ya bahasha hii. Zisome, na usinionee huruma. Pinga kila unachoweza kupinga. Baba anasubiri.

Mdogo wako,
Loise