Kiingereza cha Kuagizia Kahawa

Mpendwa Bibi, mke wangu wa kwanza,

Katika wajukuu wako wote kumi na mmoja, mwenye bahati ni mimi. Wengine uliwaachia baraka. Mimi uliniachia tusi. Siku ya mazishi nilisimama mbele ya watu nikawasimulia kwamba saa zako za mwisho ulinishika mkono ukasema, "Mume wangu, una kichwa kama mchi, nenda kaoe mwingine." Watu wakacheka huku wanalia. Shangazi akasema hajaona mjukuu aliyeagwa vizuri namna ile.

Unaujua utani wetu. Nilikuita kikongwe usiye na meno, ukaniita bwana asiye na kitanda. Nilipoacha shule kidato cha pili, ukatangaza kijiji kizima kwamba umeolewa na mbumbumbu. Niliporudi baada ya miaka ya utingo wa malori, nimefika Tunduma, nimefika Lubumbashi, nimekula vyakula ambavyo wewe hata majina yake huwezi kuyatamka, ukauliza kama huko kote hakukuwa na duka la akili. Nikakujibu kwa Kiingereza, makusudi, usijue umetukanwa nini.

Ndiyo maana ulinijia mimi. Ulikuwa umeteremka Morogoro kuuona mgahawa mpya uliosikia unauza kahawa ya milima yetu, kahawa ambayo mnunuzi aliichukua uani kwako. Dada wa pale alipoona kanga na kikapu akakwambia wauza mboga wanapita mlango wa nyuma. Hukubishana. Kesho yake asubuhi, ukipeta buni, ukaniambia:

"Mume wangu, nifundishe Kiingereza cha kuagizia kahawa. Nataka nikae kwenye kile kiti niagize mwenyewe kama wao, mara moja tu kabla sijafa."

Nikakwambia umefika kwa profesa, maana changu si kile Kiingereza cha kuombea maji. Ulitaka ya tangawizi, isiyo na sukari. Nikakupa sentensi yako. Uliirudia ukitwanga, ukipanda mlima kwenda shambani, hata mbuzi uliwasemesha hiyo hiyo. Siku tatu. Kila nilipokusikia nilikwenda nyuma ya nyumba kucheka, kwa sababu nilichokufundisha ni hiki: mimi ni ng'ombe mzee, nipeni majani.

Nilidhani ni utani kama ule mwingine. Ungegundua, ungenitukana mara mbili yake, tungekuwa sawa.

Tuliingia mlango wa mbele, mimi na koti langu la mtumba, wewe na kitenge chako cha Pasaka. Dada yule alipokuja ulimtazama usoni ukaisema yote bila kukosea, kwa sauti ya msoma somo kanisani. Akacheka, akamwita mwenzake, akakuomba urudie. Ukarudia kwa nguvu, ukidhani hukusikika. Mgahawa mzima ukageuka. Mimi nilikuwa nimeinamia meza, machozi yananitoka kwa kicheko, simu mkononi nakurekodi. Mara ya tatu uliisema ukitabasamu, Bibi, kwa fizi zako zote, kwa kuwa uliona wamefurahi.

Mama mmoja wa Kizungu akainuka mezani kwake. Akakuamkia shikamoo, akakueleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, ulichokuwa unasema. Ukamwitikia marahaba, ukamshukuru. Kisha ukanitazama. Nilisubiri tusi. Jibu nilikuwa nimeshaliandaa.

"Twende nyumbani, Kosmasi."

Miaka yote ile sikuwahi kulisikia jina langu kinywani mwako.

Utani tunafanyiana mbele ya watu wanaojua tunapendana. Hilo nililijua tangu mtoto. Pale walikuwa wageni watupu, na walikuwa wamekwisha kukuelekeza mlango wa nyuma. Mimi ndiye niliyekusukuma.

Tangu siku hiyo ukawa na adabu kwangu, na sijapata kupigwa vibaya kama vile. Nikikuita kikongwe, unaniambia karibu ukae. Nikisema uji wako una ladha ya majivu, unaniomba radhi. Nikakuandikia sentensi ya kweli kwenye karatasi, herufi kubwa kubwa. Ukaikunja ukaiweka chini ya mkeka. Hukuniuliza inasomwaje.

Ulipougua nilikupikia kahawa ya tangawizi mwenyewe. Nikakuletea kitandani, nikakwambia unywe haraka, nimeshapata mke mwingine kule Kilakala na ana meno. Nilikuwa nakuomba, Bibi. Ulikunywa mafunda mawili, ukanirudishia kikombe kwa mikono miwili, kama kwa mgeni.

"Asante, mjukuu wangu. Mungu akubariki."

Hukusema tena kitu. Lala, Bibi, huko kwenye ubaridi wa mlimani. Lile la kichwa na mchi nililitunga mwenyewe tukiwa tunakwenda makaburini. Uliniaga kwa baraka, kama wajukuu wengine wote.

Mjukuu wako.