Taa ya Nyuma

Karatu, 3 Desemba 1978

Mwanangu Martini,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo ila goti, ng'ombe hawajambo, na mama yako anakusalimu. Hasa ni habari zake ninazokuandikia.

Macho yake yamezidi kuharibika. Tulikwenda hospitali, daktari akamulika ndani, akasema mshipa wa jicho moja umekufa na wa pili unafuata. Dawa hakuna. Moto wa jikoni anauona, na kitu chekundu anakiona. Uso wangu hauoni tena, na anasema hajapoteza kitu.

Sasa ameshika neno moja. Mtoto wake anafanya kazi kwenye treni miaka yote hii, na yeye treni hajaiona hata siku moja. Reli haifiki huku kwetu. Anataka kujua taa zake zinavyowaka, kabla giza halijamfunika. Mimi treni niliiona mara moja, Moshi, tena mchana, kwa hiyo nikimweleza ananiambia naongopa. Omba likizo uje umweleze mwenyewe.

Baba yako,
Wilibrodi Qamara


Tabora, 20 Desemba 1978

Wapendwa Baba na Ayo,

Shikamooni. Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu nisome barua yenu chakula hakinipiti. Likizo nimeomba, nimenyimwa. Tangu vita vianze hakuna anayeruhusiwa kutoka. Mabehewa yanapita usiku na mchana, na sisi mafayamani, wenye kuangalia moto wa injini, ndio tunaotafutwa zaidi.

Lakini Ayo, mama yangu, treni utaiona. Nakutengenezea injini ya makopo, ndefu kama mkono wako kutoka kiwiko hadi vidole. Mwili wake ni kopo la maziwa, kibanda ni bati la samaki, na taa ya mbele ni balbu ya tochi. Mwanzoni iliwaka nyeupe kama ya duka la Mhindi, nikaona huu ni uongo, maana taa ya injini yetu ni ya manjano. Nimeivika ganda la ndani la kitunguu. Sasa nikizima taa ya chumbani na kuiwasha, najiona niko kazini.

Umebaki moto wa jiko la injini. Ule hautulii, unaruka ruka, na sitaki kukuletea moto uliolala.

Mwanenu,
Martini


Karatu, 18 Februari 1979

Mwanangu,

Hatujambo kiasi. Mvua za vuli zilitudanganya, lakini maharage tumepata. Barua yako nimemsomea mama yako mpaka karatasi imechakaa mikunjo. Habari ya kitunguu aliicheka sana, kisha akaanza kulia, nami nikatoka nje kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Juzi alimwaga chai akidhani kikombe kipo. Mchana anajua dirisha lilipo, basi. Hiyo injini itume ilivyo. Kama moto haurukiruki, hatutakushtaki.

Baba yako


Tabora, 9 Aprili 1979

Wapendwa Baba na Ayo,

Shikamooni. Poleni na hali. Nafurahi kuwaambia kwamba moto umekubali! Chini ya kibanda nimeweka balbu ndogo iliyofungwa karatasi nyekundu ya peremende. Waya wake unagusa gurudumu, na gurudumu nimelipaka rangi vipande vipande. Ukiisukuma injini, waya ukipita kwenye rangi balbu inazima, ukigusa bati inawaka. Ni moto hasa, kama fayamani amefungua mlango wa jiko.

Kinachonichelewesha ni taa ya nyuma. Wino mwekundu nimejaribu, ukiwashwa unakuwa waridi. Natafuta kipande cha kioo chekundu, na fundi mmoja ameniahidi cha taa iliyovunjika. Baba, najua utasema nitume hivyo hivyo. Lakini kwetu treni haitoki stesheni bila taa ya nyuma. Anayeipokea haoni mwisho wake, hajui kama imefika nzima au mabehewa yamekatikia njiani. Siwezi kumpelekea Ayo treni isiyo na mwisho, na nyekundu ndiyo rangi anayoiona.

Mvumilie kidogo tu.

Mwanenu,
Martini


Karatu, 22 Julai 1979

Mwanangu Martini,

Tunakusalimu sana, na baridi ya mwezi huu inatusalimu sisi. Sanduku lako limefika salama. Patrisi, dereva wa lori la ngano, alilipakata kutoka Arusha kama mtoto mchanga.

Mama yako ameiona. Ameniagiza nikuandikie maneno yake kama alivyosema: "Mwambie mwanangu taa ya mbele ni ya manjano kweli kweli, moto wa jiko unaruka, na nyuma pale pana nyekundu nzuri inayong'aa. Mwambie treni yake imefika nzima. Mwambie asihangaike tena."

Hayo ndiyo maneno yake. Sina la kuongeza.

Baba yako


Tabora, 14 Agosti 1979

Wapendwa Baba na Ayo,

Shikamooni! Barua yenu nimeisoma mbele ya wenzangu wote, wakanibeba juu juu kama bwana harusi. Ayo, sasa umeyaona ninayoyaona mimi. Sikuwa nimelala vizuri kwa miezi, nikihofia nimechelewa.

Habari njema nyingine, likizo zimefunguliwa. Zamu ya kwanza ilikuwa yangu. Lakini kuna mwenzangu anataka kwenda kuoa, na kwa kuwa Ayo amekwisha kuiona treni na mzigo umenitoka moyoni, nimempisha. Mimi nitakuja mwakani. Nitakuja na behewa la abiria, lenye taa kila dirisha na kivuli cha watu waliokaa.

Mwanenu mwenye furaha,
Martini


Karatu, 30 Septemba 1979

Mwanangu,

Salamu. Leo sitakuambia habari za ng'ombe.

Nilimwahidi mama yako nisiseme, na ahadi yenyewe naivunja hapa mezani yeye akiwa kitandani nyuma yangu. Anadhani nakuandikia habari za mavuno.

Siku ile sanduku lilipofika nilimpa injini mikononi. Aliipapasa yote, akainusa, akapata harufu ya kitunguu, akajua mbele ni wapi. Akaigeuza vizuri, akaitazama, akasema yote niliyokuandikia: manjano, moto unaoruka, nyekundu nzuri. Aliyasema kwa mpangilio ule ule wa barua zako, maana nimemsomea mara nyingi.

Martini, betri nilikuwa bado sijazitia. Zilikuwa mfukoni mwangu.

Nilizishika, zikagongana. Yeye akasikia, akauliza, "Hukuwa umewasha?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi mwandikie hivyo hivyo. Mtoto amehangaika sana." Giza lilimfunika tangu Mei. Ulikuwa bado unatafuta kioo, na mimi sikuwa na moyo wa kukuandikia.

Sikulaumu, mwanangu. Hata mimi nisingependa kupokea treni isiyo na mwisho. Ila barua yako ya Agosti nilipomsomea, nilipofika pale pa kumpisha mwenzako, alisema, "Amefanya vizuri," akageukia ukutani. Tangu siku hiyo uji anaunywa kwa kubembelezwa, na kifua kinambana.

Kila jioni ananiomba niiwashe. Anaweka kiganja kwenye taa ya mbele apate joto lake, na ananieleza rangi. Betri zimekwisha siku nyingi, na huku madukani hazipo. Sijamwambia. Nabonyeza swichi ilie, ananishika mkono, anasema leo inawaka vizuri kuliko jana.

Usitume betri. Behewa usitengeneze. Njoo.

Baba yako,
Wilibrodi