Shamba la Kwanza Katika Zamu

Jumatatu, 17 Mei 2004
Saboti. Maharagwe ya Phelista yamepigwa. Madoa ya kahawia yenye pembe, kila doa limekomea kwenye mshipa wa jani. Upande wa chini, ukungu wa kijivu kama masizi. Si jua, si mbolea. Ni kuvu. Mashamba sita ya kikundi chao cha kupalilia kwa zamu yana dalili zile zile.

"Afisa, nani ametuletea hii maneno?" Phelista akauliza. Nilimwahidi jibu Jumatano.

Jumatano, 19 Mei
Nimekihutubia kikundi, tena vizuri — Mungu anisamehe! Nilieleza kwamba kuvu hii husafiri ndani ya mbegu na kujificha katika mabaki ya msimu uliopita; kwamba wao huingia shambani alfajiri, umande ungali kwenye majani, wakaihamisha kwa mikono na nguo. Fukieni mabaki. Pandeni mahindi pekee misimu miwili. Palilieni majani yakikauka. Kisha, kwa kupenda ukamilifu wa hoja, nikauliza zamu ilianzia kwa nani.

Vichwa vyote vilimgeukia Wabwile.

"Ati tulimlimia kwanza, na yeye akatupaka ugonjwa!" Huyo Wanjala, mwenyekiti wao. "Si ndiyo maana amenyamaza, bana?"

Kufikia saa sita walikuwa wamefyeka nusu ekari yake kwa mapanga. Alipojitupa mbele yao, Wanjala alimpiga kwa mpini wa jembe — mkono, kidevu, mkono tena. Nilisikia mfupa. Nilipiga kelele. Sauti ile ile iliyowashawishi haikumzuia hata mmoja.

Alhamisi, 20 Mei
Hospitalini, Kitale. Mkono plasta, kidevu nyuzi tisa. Nilimuuliza Wabwile alikotoa mbegu. Ndipo nikakumbuka: kilo mbili, zawadi ya mkulima bora, Februari. Nilimkabidhi mwenyewe, watu wakapiga makofi.

Nimekwenda kwenye shamba langu la maonyesho, ilikovunwa mbegu ile. Maharagwe juu ya maharagwe, misimu mitatu mfululizo. Mabaki ya zamani hayakufukiwa, meusi kwa kuvu. Mimi!

Nilirudi hospitalini kumwambia Wabwile. "Najua, Afisa. Nyamaza tu. Mimi wameshanimaliza, wewe watakuua."

Mkewe, Nelima, alikuwa anamlisha uji. "Na sisi je? Wamesema kesho wanachoma nyumba. Ati watoto watajijua."

Ijumaa, 21 Mei
Saa nne asubuhi. Naandika ndani ya ghala la ushirika, Saboti, nikisubiri kuitwa kwenye baraza la chifu. Nje wamepita mia. Mapanga yananolewa kwenye ngazi ya simiti. Askari wa chifu ni mmoja, na rungu lake.

Wanjala amechungulia dirishani. Anataka neno moja tu: nithibitishe mbele ya watu kwamba ugonjwa ulitoka kwa Wabwile, wamalize kazi. Na ni kweli ulitoka kwake!

Hotuba yangu ina sentensi moja: Ndugu zangu, mbegu ile niliitoa mimi. Nimeiandika mara nne.

Jiwe juu ya bati. La pili.

"Afisa, toka! Ama umelala?" Kicheko.

Nelima ameketi mbele kabisa ya baraza, na watoto wao wawili. Anawavua viatu vya gambuti, mmoja mmoja, wapate kukimbia —