Bei ya Mkono wa Mama Mdogo

Mama mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu ulinilea hivyo. Ukinisikia naanza na shida kabla ya salamu, kofi lilikuwa halina safari ndefu.

Nimekaa kwenye meza ya jikoni hapa Reynoldsburg, pembeni ya Columbus. Kile kitenge chako cha njano nimekitandaza mbele yangu, na juu yake nimepanga ukindu, nyuzi nyekundu na za kijani, shanga na pakiti ya kakao. Kesho kamati ya wazazi inakutana kupanga bei ya jioni ya kusuka vikapu vya Krismasi. Wameniachia kazi hiyo tena. Wanasema nina uzoefu, na mimi sijawaambia ni uzoefu wa namna gani.

Unakumbuka jioni ya kwanza, mwaka juzi? Klabu ya baada ya masomo ilikuwa inataka kufungwa kwa kukosa fedha, ile klabu inayokaa na watoto wetu mpaka sisi tutoke zamu. Wewe ulikuwa unafua kwenye nyumba ya wazee, mimi niko ghalani, na bila klabu Neema wangu angekuwa anarudi kwenye nyumba tupu na ufunguo shingoni. Wanjiru, yule Mkenya mwenyekiti wa kamati, akatoa wazo kwamba tuuze tiketi, kila mgeni asuke kikapu kidogo cha kutundika kwenye mti wa Krismasi, na faida iende klabu. Alikuwa na kompyuta yake, anaandika bei ya kila kitu. Ukamtazama kama mtu anayemwona mwenzake anatia chumvi bila kuonja.

Ukatandaza kitenge hiki kwenye meza ya maktaba ya shule. Ukainua kitu kimoja kimoja: ukindu una bei yake, uzi una bei yake, kakao ina bei yake. Wanjiru akajumlisha, akasema imekwisha. Ndipo ulipoweka kiganja chako cha kushoto katikati ya kitambaa.

"Na mkono?" ukauliza.

Ulikaa hivyo hivyo, kiganja juu ya kitambaa, mpaka Wanjiru akaongeza dola mbili kwenye tiketi. Baadaye zile fedha za mkono ukazitumbukiza zote kwenye kopo la klabu, na Wanjiru akabaki anashangaa ulikuwa unagombania nini.

Ulinieleza kwenye gari tukirudi. Kule kambi ya wakimbizi Kigoma ulimsukia jirani kikapu. Akalipa ukindu, mkono akasema ni ujirani tu. Asubuhi kikapu kikawa mlangoni petu. Ukampelekea, akaapa kwamba hakukitoa ndani. Kesho yake kimerudi tena. Kilitulia kwake siku alipoleta maharage ya kulipia mkono. "Kitu ambacho mkono wake haujalipiwa," ukasema huku unahangaika na mkanda wa gari, "humrudia aliyekisuka. Na aliyekisuka naye hukirudia." Mimi nilicheka. Neema alikuwa kiti cha nyuma, na yeye hakucheka.

Kisha ukaenda Buffalo. Mwanao Dezire alikuwa amepata mtoto, nawe ukasema unakwenda kwake Lackawanna, pale pale kando ya Buffalo, kumsaidia mkewe wiki chache tu, utarudi kabla theluji haijaisha. Theluji ndiyo iliyobaki. Ulipofariki, binti yako Odeta alikuja kutoka Louisville akiwa bado na fulana ya kazini, mimi nikaja kutoka huku Columbus, tukakuzika katika ardhi ngumu, na kila mmoja akakimbilia zamu yake kabla bosi hajamweka mwingine.

Matanga hatukuyaondoa. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba marehemu haachwi hivi hivi. Watu wake hukusanyika tena, kikombe kinazunguka, maneno yanasemwa, ndipo anapoinuka na kwenda zake. Kabla ya hapo yuko bado kwenye kiti chake. Lakini Jumamosi ya Odeta haikuwa Jumamosi yangu, na Dezire wikiendi zote yuko kiwandani. Tuliahirisha mara ya kwanza, ya pili, tukaacha hata kupigiana simu juu yake.

Hivyo ndivyo tulivyofika mwaka jana, mimi na Wanjiru mezani, kitenge kimetandazwa. Nikasema safari hii tusihesabu mkono, maana mwenye mkono hayupo. Kusuka nitafundisha mimi, bure.

"Hiyo iko sawa kabisa," Wanjiru akasema. "Tukiweka ten dollars, watu watakuja wengi."

Neema alikuwa meza ya pili, anafanya kazi ya nyumbani. Unamjua mjukuu wako. Ulimsemesha Kiswahili tangu azaliwe, na tangu aanze shule amekujibu Kiingereza. Alisimama, akaja taratibu, akaweka kiganja cha kushoto katikati ya kitambaa. Neema hutumia mkono wa kulia, Mama mdogo. Hata kijiko hakishiki kwa kushoto.

"Na mkono?" akasema.

Lilitoka kama ulivyokuwa ukilisema wewe, sauti ikishuka mwishoni, ya mtu asiyeuliza bali anayekumbusha. Wanjiru alianza kucheka, kisha akaacha, akafunga kompyuta yake ingawa kikao kilikuwa hakijaisha. Kwenye gari nilimuuliza Neema kwa nini amesema vile. Akanitazama kwenye kioo. "Said what?"

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Mezani akawa anaweka kikombe cha tatu. Nikikiondoa hagombi, lakini kesho kipo. Alasiri moja nilifunga mlango kwa komeo, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha haraka kwa nini nafunga na Bibi hana ufunguo. Mkono wake wa kushoto ukaanza kupata sugu pale kwenye ncha ya kidole cha shahada, pale pale ulipokuwa na sugu yako ya sindano, na hapa nyumbani hakuna aliyekuwa ameshika sindano.

Nitasema wazi. Nilidhani umemshika mtoto. Nilikuogopa, mimi uliyenibeba mgongoni kuvuka mpaka. Nilipita mbele ya kiti chako cha sebuleni nikiangalia ukutani, kama mtu anayepita mbele ya mdai wake.

Nikampigia Odeta. Unamjua mwanao, hana sukari mdomoni.

"Mama bado yuko sebuleni kwako," akasema, "na wewe unapanga bei ya sherehe. Tena mkono wake umeutoa. Ulitaka akae kimya?"

"Nifanye nini?"

"Urudishe. Na kiti chake nacho kiwepo kwenye meza ya sherehe. Nakuja Jumamosi ya sherehe, na Dezire nitamleta hata kama nitamfunga kamba."

Nikamwambia Wanjiru tiketi irudi bei ya mwaka juzi, na humo itoke pia pakiti moja ya ziada ya ukindu na uzi, ya mtu ambaye hatanunua tiketi. Aliniuliza aandike nini kwenye tangazo. Nikamwambia aandike bei tu. Hakubisha, nadhani bado alikuwa anakumbuka kile kiganja.

Watu walikuja. Ukumbi wa chakula wa shule ulinuka pizza na sabuni ya sakafu. Walikuwepo Wakongomani wa kanisani wakitaniana na watoto, Warundi wetu, Wamarekani waliosikia habari mpaka mtaa wa Clintonville, na bibi mmoja Mzungu aliyesuka vibaya kuliko wote na kufurahi kuliko wote. Kiti chako nilikiweka mwisho wa meza ndefu, upande wa kushoto, maana ukikaa katikati kiwiko chako humpiga jirani. Mbele yake niliweka pakiti na kikombe cha kakao. Neema nilimshika karibu nami jioni nzima, agawe shanga, na sikumwachia hata kwenda chooni peke yake. Pale mwisho wa meza hakuna aliyekaa. Niliona watoto wakikimbia ukumbi mzima, na wakifika pale wanapunguza mwendo na kuzunguka.

Tulipokuwa tunakusanya viti, Odeta akaniita. Hakupaza sauti.

Pakiti ilikuwa imefunguliwa. Kitako cha kikapu kilikuwa kimesukwa, kidogo, upana wa kiganja, kimekazwa vizuri. Mzunguko wake ulikwenda kushoto. Wageni wote niliwafundisha mimi, na mimi nasuka kwenda kulia. Wewe tu ndiye uliyekuwa unaanza upande ule, na kambini walikucheka kwa hilo. Kakao ilikuwa na utando juu, haijaguswa. Na katika kitako kile ilikuwa imechomekwa sindano yako, ile uliyoichonga kwa spoku ya baiskeli, yenye kichwa kilichopinda.

Dezire alikaa chini pale pale sakafuni, mwanamume mzima na koti lake la Buffalo.

"Hiyo nilimwekea mkononi," akasema, "kabla hawajafunga sanduku."

"Mimi niliitoa," Odeta akamwambia. "Nikakupa wewe umpe huyu."

Wote wawili wakaniangalia. Mimi sikuwa nimepewa kitu. Mpaka leo kila mmoja anashikilia lake, na hakuna anayependa tuliongee.

Jumapili baada ya ibada tulikaa sebuleni kwangu. Pombe ya ndizi tungeitoa wapi; tulitumia sharubati, kikombe kimoja kikazunguka, kikapita na mbele ya kiti chako. Dezire, kwa kuwa ndiye kifungua mimba wako, akasimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi, akayasahau. "Mama," akasema, "mkono wako umelipwa. Nenda salama, sisi tumebaki salama." Tulilia yale machozi ambayo Lackawanna hatukupata nafasi ya kuyalia. Kikombe kilipomfikia Neema alikunywa, akalala palepale kwenye zulia, na alipoamka aliomba siriali na maziwa. Dezire akaondoka na sindano, akaifukia kaburini kwako, upande wa kichwa. Kitako cha kikapu nilibaki nacho mimi.

Jioni hiyo kikombe cha tatu hakikuwekwa. Sugu kwenye kidole cha mtoto ikalainika, ikaisha. Klabu haikufungwa. Mambo yote yalikwenda kama yanavyotakiwa kwenda.

Nilidhani nitapumua, Mama mdogo. Wiki za kwanza nilipumua kweli, nilikuwa nalala kama gunia. Halafu nikaanza kusikia jinsi nyumba hii ilivyo kimya. Napita mbele ya kiti chako, na ni kiti tu. Nimekaa juu yake, nikanusa kitambaa chake, kinanuka duka. Juzi nilimuuliza Neema sauti ya Bibi ilikuwaje. Alifikiri muda mrefu, mtoto wa watu, na nikaona kwenye uso wake kwamba anatafuta na hapati. Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho bila koti. Nilikuogopa ulipokuwepo, na sasa naogopa zaidi kwamba hupo kabisa, hata kwa kututisha.

Kwa hiyo leo nimetandaza kitenge. Ukindu nimeuinua, una bei yake. Uzi una bei yake. Shanga, kakao, pizza, nimeandika zote na kujumlisha. Kile kitako chako nimekiweka katikati, na mzunguko wake wa kushoto, bado kinasubiri kuta na kifuniko. Kisha nikapiga mstari chini ya hesabu, nikaweka kalamu.

Neema alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma. Amekuwa mrefu, nikiwa nimekaa lazima ainame ndipo kidevu chake kifike begani kwangu.

"Mom," akasema, "you forgot Bibi's hand."

"Sijasahau," nikamwambia.

Alinitazama. Ulichosema kwenye gari siku ile juu ya mkono usiolipiwa alikisikia, na nadhani maneno hayo ndiyo aliyobaki nayo hata kama sauti imempotea. Alikwenda sebuleni, akakivuta kiti chako mpaka jikoni, miguu yake ikikwaruza sakafu, akakiweka mwisho wa meza, upande wa kushoto.

Kwaheri tulikupa mwaka jana, sote watatu, kwa heshima zote. Leo mimi peke yangu nakuambia karibu. Komeo sijafunga.

Ni mimi uliyenilea,
Mama Neema