Kila Mtu Alichagua Dirisha

Jumanne, 1 Oktoba

Nisamehe, daftari. Tangu Pasaka sijakufungua. Nilikutupa kwenye droo pamoja na mishumaa ya keki na betri zilizokufa, nikasema kesho. Kesho haikufika. Mtu mwenye mtoto wa miaka minne na mume wa baharini hana kesho, ana usingizi tu. Hata sasa naandika nimeegemea mashine ya kufulia. Inanitikisa kama kichanga.

Lakini la jana lazima niliandike, la sivyo litanikaba.

Jana jioni kulikuwa na mkutano wa wazazi. Chekechea ni mali yetu wazazi, kwa hiyo kila jambo linapigiwa kura, hata rangi ya uzio. Nilikaa nyuma, viatu vimevikwa mifuko ya plastiki ya bluu kama vya wenzangu. Ajenda ya mwisho: usafi. Bajeti imebana. Akasimama Halvard, mwenyekiti wa wazazi. Mhandisi, sweta nzuri, sauti nzuri. Akasema hatuna haja ya kumlipa mtu atuondolee uchafu wetu wakati mikono tunayo. Tufanye msaragambo! Kila wiki watu wachache kwa zamu, na mara moja kila msimu tunakusanyika wote, tunapiga kazi, tunakula vafler, zile keki bapa za moto. Sote tunachafua, sote tunasafisha.

Makofi! Nani atapinga msaragambo huku kwetu? Bora upinge Krismasi.

Mikono ikapanda. Gunnvor, mkuu wa chekechea, akawa anatazama meza. Wangu haukupanda. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Na mkataba wangu wa muda ulikuwa unaisha jana hiyohiyo. Ukaisha kimya, kama taa anayoizima mtu wa mwisho kutoka.

Mlangoni Halvard akanishika mkono kwa furaha. Mama Tiril, sivyo? Unafanya kazi wapi siku hizi?

Mwaka mzima na zaidi ananiruka mimi na dekio langu kila anapoleta wanawe! Anasema samahani, anaruka. Nikamjibu: hapa. Akacheka. Alidhani namtania.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimerudisha funguo. Tiril amelia kunizidi. Kwake yeye mwenye funguo ndiye mwenye nyumba. Alikuwa akiwatambia wenzake: mama yangu ndiye anayeturuhusu tutembee na soksi.

Na ni kweli! Ndani hakuna viatu vya watoto. Wanatoka nje wamelowa, gumbuti zimejaa tope (mvua ya huku haina aibu), wanavua kwenye ukumbi wa mbele, wanaingia na soksi zao za sufi. Wanakaa chini, wanalala chini, kipande cha mkate kikianguka wanakiokota wanakula. Sakafu ndiyo meza yao, na mimi ndiye niliyekuwa naiandaa.

Naandika hili mara moja nisije nikalisahau siku nikiwa nimechoka: watu walikuwa wakiiita kazi yangu kazi ya chini. Sawa. Chini ndiko watoto waliko.

Aslaug, mwalimu wa chumba cha wadogo, amepita na kahawa. Shoga, kasema, mimi nilisomea watoto, sikusomea matope. Kasema watanikumbuka. Nikamwambia sitaki kukumbukwa, sijafa.

Kiwanda cha samaki kina nafasi. Zamu inaanza alfajiri. Mume wangu Sindre akiwa baharini, nani atamvika Tiril? Itabidi alale kwa mama yangu, ng'ambo ya kivuko, juma zima, nimwone Ijumaa kama mgeni. Nimewaambia wanipe muda kidogo. Wamesema kidogo tu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Msaragambo leo. Sikutaka kwenda. Nikaenda. Kukwepa msaragambo! Ukifanya hivyo hata jirani mwema atakusalimia akiwa anatazama mbwa wake.

Halvard alikuja na filimbi. Kweli, filimbi! Mvua inapiga ubavuni, watu wana furaha. Nani anachukua nini? Madirisha! wakapiga kelele. Uzio! Kibanda cha mchanga! Kila mtu anapenda kazi inayoonekana ukipita na gari. Vikabaki vyoo na ukumbi wa matope.

Kila mtu akaanza kukaza kamba za kofia yake.

Halafu Halvard, kwa wema kabisa: Oddny, wewe si unavijua hivi vyoo? Nimeambiwa ni wewe uliyekuwa ukivisafisha. Baba mmoja akadakia: mrudishieni malkia ufalme wake! Wakacheka wote. Hata mimi nusura nicheke. Hawana ubaya, ndicho kinachochosha.

Nikasema: vyoo vilikuwa kazi yangu. Kazi mmeiondoa. Leo mimi ni mama Tiril. Niwekeni dirishani.

Halvard akaitazama filimbi yake. Kisha Aslaug akanirushia kitambaa, akasema, haya, mama Tiril, lile la upande wa bahari, ni kubwa lakini na wewe una maneno makubwa.

Nikaliosha. Sikulipua, nilipanda ngazi mpaka juu kwenye pembe. Nilipita mlango wa vyoo nikifuata maji, na mkono wangu mwenyewe ukawa unawasha, kama unapomsikia mtoto wa mtu analia na si wako. Sikuingia. Nikapita tena. Sikuingia!

Mpaka mwisho hakuna aliyevigusa. Kila mmoja alidhani ni mwenzake. Tukala vafler za moto na jamu na jibini ya kahawia, tukapiga picha mbele ya madirisha. Yaling'aa, lazima niseme. Langu kuliko yote.

Ijumaa, 25 Oktoba

Soksi za Tiril! Asubuhi namvika za kijivu, jioni zinarudi nyeusi kwa chini. Tena zimelowa. Nikanusa. Siandiki.

Aslaug anasema wa zamu ya wiki hii amekuja mmoja tu, akafagia, akaacha ndoo imejaa katikati ya njia, akaenda zake. Wengine: nina kikao, nina mafua, nilidhani ni wiki ijayo. Wafanyakazi wanafuta wanapoweza, lakini ukiwa na mtoto mmoja kwapani na mwingine mguuni, utafuta nini?

Kiwanda kimepiga simu tena. Nikasema bado. Sijui nasubiri nini.

Jumatatu, 4 Novemba

Kutapika. Kumeanza chumba cha wadogo, kukahamia kwa wakubwa, kukamwangusha na Aslaug.

Sisemi chanzo ni sakafu. Ugonjwa huu huja kila mwaka, una tikiti yake. Lakini kila mwaka ulikuwa unapita. Mwaka huu umeketi, umeagiza kahawa.

Chekechea imefunga nusu. Daktari wa mji yuko nyumbani na mwanawe. Nahodha wa kivuko yuko nyumbani na wa kwake, na mchana kivuko hakikwenda! Watu walisimama gatini wamekunja mikono. Halvard, nasikia, ameahirisha safari yake ya kikazi. Watu wazito wote hao, kila mmoja amepiga magoti mbele ya mtoto na beseni. Mji mzima ulikuwa umeegemea dekio na hakuna aliyelihisi. Hata mimi niliyelishika sikulihisi. Nilikuwa najua tu kwamba mgongo unauma.

Sicheki. Tiril naye anatapika. Nimebadilisha shuka mpaka shuka zimekwisha, sasa nimemtandikia taulo la pwani lenye picha ya kasa. Ameniambia, mama samahani, nimechafua. Nikamwambia, mwanangu, kuchafua si kosa. Mtu akichafua, yupo mtu anayesafisha. Akauliza, ni wewe? Ni mimi, nikamwambia, na fundi kama mimi hutampata mji huu. Akacheka kidogo. Akanitapikia mkononi. Akalala.

Jumatano, 6 Novemba

Gunnvor amepiga simu asubuhi. Oddny mdogo wangu, njoo hata siku moja utuokoe. Kama hisani tu. Kama msaragambo.

Nikasema: Gunnvor, msaragambo wangu nimeshafanya. Dirisha kubwa, la upande wa bahari.

Halafu nikasikia ile "ndiyo" yetu ya kuvutia pumzi ndani, ambayo mtu huitoa akikubali na kuona haya kwa pamoja. Akakata simu.

Jioni kengele ya mlango. Halvard! Amekonda usoni. Ugonjwa umempitia na yeye. Akavua viatu, akasimama kwenye ukumbi wangu na soksi, moja ina tundu kwenye kidole gumba. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, lile tundu likaniharibia.

Akasema, juzi niliingia mwenyewe. Vyoo vyote, ukumbi, kila kitu. Nikaondoka kifua mbele. Leo nimerudi kutazama, Oddny, na viko vilevile! Kana kwamba sikufika!

Nikamwambia, ndiyo kazi yenyewe hiyo.

Sasa wewe ulikuwa unafanyaje?

Nilikuwa narudi kesho yake.

Akakaa kwenye benchi la viatu. Akaomba maji. Alipomaliza kunywa akasema anaweza kuwaomba wenzake wa bodi wanipe mkataba mfupi, mpaka Krismasi, halafu tuone.

Nikasema hapana. Kwa upole, lakini hapana. Wa kudumu, au naenda kwa samaki.

Nilipokwisha kusema nikashika makoti ya ukutani. Nikawa naona kabisa Tiril na begi lake kwenye kivuko.

Wakati huohuo Tiril akachungulia kutoka chumbani, nywele zimesimama. Akamtazama Halvard. Akaniuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: mama, huyu ndiye yule anayekuruka?

Halvard akawa mwekundu mpaka masikioni. Akavaa viatu bila kufunga kamba. Mlangoni akageuka, nikadhani atasema bodi, bajeti, vikao. Akasema tu: ndiyo. Ndiye mimi. Alimwambia Tiril, hakuniambia mimi!

Bodi inakaa kesho mchana.

Alhamisi, 7 Novemba

Aslaug amepona, anaongea kama redio. Ameniletea mfuko kutoka kwa Gunnvor. Ndani: funguo! Zilezile, na utepe wake mwekundu. Tiril amezivaa shingoni na hataki kuzivua, hata kula anakula nazo.

Halafu ujumbe wa Halvard kwenye simu. Bodi imekubali kimsingi. Kimsingi! Kwa neno hilo watu wamezeeka kwenye benchi la kusubiri. Na Gunnvor anaomba niingie kesho asubuhi, mengine yatafuata.

Kiwanda nacho kinataka jibu kesho. Nimewaomba wanivumilie mpaka saa sita. Msimamizi akaguna. Sikusikia kama ni mguno wa ndiyo au wa hapana.

Aslaug ananisihi. Shoga, ingia tu, ukishakuwa ndani nani atakutoa? Nikamwambia nilikuwa ndani, wakanitoa nikiwa nimekaa palepale nawatazama. Halafu akasema: basi andika. Andika yote, nitampelekea Gunnvor mwenyewe sasa hivi, na nitasimama mpaka asome.

Kwa hiyo nipo mezani. Tiril anatafuna mkate mkavu, rangi imemrudi. Aslaug anasubiri na koti lake, mvua inamdondoka kwenye sakafu yangu, naye ananiambia samahani. Naandika kwako kwanza, daftari, kisha nitainakili kwenye barua ya bodi:

Funguo nimepokea, asante. Kesho naingia, tena kwa furaha, vikishafika hivi ambavyo bado naomba niletewe:

Mkataba. Neno "kudumu" liwemo, na sahihi ya Halvard, si ya Gunnvor peke yake.

Vitambaa vipya vya dekio. Vya zamani vichomwe, tafadhali, visioshwe.

Glavu za saizi ndogo. Siku zote mlininunulia za wanaume.

Gurudumu jipya la mbele la kigari changu, badala ya lile linalolia. Watoto walilizoea, mgongo wangu hapana.

Ndoano ya kutundika koti, kwenye chumba cha wafanyakazi, sio stoo. Na jina langu juu yake.

Nafasi ya picha yangu kwenye ule ubao wa mlangoni, safu moja na wenzangu. Picha ninayo, Tiril ameichagua. Nimefumba jicho moja, lakini ameichagua.

Na soksi za Tiril za kijivu, zilizobaki huko kwenye kabati la kukaushia nguo siku alipougua. Azilete Halvard kwa mkono wake. Zisifuliwe. Zije kama zilivyo, nyeusi kwa chini.